Kitabu cha Mishi

Kando ya barabara ya Digo, juu ya gunia,
Kalume kanipangia vitatu.
Kimoja kizito kama tofali,
kurasa za majibu zimenyofolewa.
Kimoja chembamba, majibu matupu:
hicho cha kupasi, si cha kujua.
(Simuni nina mwalimu wa bure.
Yeye aeleza mbio, mimi naitikia tu;
bando likiisha, na ujuzi umekwisha.)

Cha tatu kimeliwa na mchwa pembeni.
Ndani, kwa penseli: Mishi Bwanaheri, Tononoka.
Ukurasa wa arubaini, penye kikomo,
kaandika: "Hapa sielewi."
Arubaini na tatu: "Bado."
Hamsini na moja, karatasi nusura itoboke:
"KUMBE!"

Nikatoa mia na hamsini,
nauli ya kurudi Changamwe ikiwa humo humo.

Basi nilitembea.
Baada ya Makupa barabara yaanza kupanda,
na magoti yangu ndiyo yaliyonifunza kwanza:
mwinuko wa hatua hii
si wa hatua ile.

Leo niko arubaini na tatu.
Chini ya "Bado" yake
nimeandika yangu.