Kigutu

Korongo alimkosa chupuchupu,
akaruka na nusu ya mkia.
Tomie akamwopoa bwawani,
akamtia kwenye beseni la buluu, na chumvi kiasi,
akaandika tarehe kwenye kalenda ya duka la mchele.

Wiki ya pili: ukingo mweupe,
kama pumzi kiooni.
Wiki ya tano: miale,
myembamba kuliko nyuzi za hariri,
kila mmoja ukijua uendako.

Mjusi naye huota mkia, alisema, ila si ule ule.
Kaa hujivua gamba, akatoka na gando changa.
Jicho likinyofolewa, basi.
Hilo hata samaki halimrudii.

Haruomi, mpwa wake, alikuwa kimya
akiutazama mkono ulioshika wavu:
vidole vinne, na kigutu
kilichobakizwa na pampu mwaka ule wa mafuriko
Koriyama nzima ilipokuwa bwawa moja.

“Na chako, shangazi? Kinaota polepole?”

Tomie akatumbukiza mkono.
Samaki akaja na mkia wake nusu mpya,
akakidonoa kigutu, akidhani ni chakula.

“Huniwasha,” akasema, “usiku wa theluji.
Pale hasa pasipo na kitu.”