Meno ya Jasi

Mlekwa aliteremka stesheni ya Tabora saa tisa za usiku,
kwapani kopo la maziwa ya unga,
ndani ya kopo pamba, ndani ya pamba meno mawili.
"Nakala tu," alisema. "Jasi.
Yenyewe yamelala ng'ambo, chini ya kioo, yana namba.
Wewe ndiye fundi wa meno, dada. Niambie walikula nini."

Yeye miaka mitano anapangusa udongo wa Lindi kwa brashi.
Mimi kumi na tisa nachonga meno ya bandia
katika chumba kimoja hapa Cheyo,
navijua vinywa vya mji huu:
huyu wa miwa, huyu wa tumbaku ya Urambo,
yule bibi wa Uyui ambaye unga wake husagwa juu ya jiwe,
mchanga umempiga msasa
hadi magego yamekuwa bapa kama kaunta ya posta.
Kinywa hakisengenyi mtu, lakini hakifichi.

Nikawasha taa, nikavuta lenzi.

Jino la kwanza pana, nene, kama kijiko cha kupakulia,
uso wake una vishimo vishimo,
bati lililonyeshewa mvua ya mawe.
Huyu aling'ata vigumu. Huyu alivunja matawi.

La pili jembamba, penseli ya mtoto wa darasa la kwanza,
limechorwa mikwaruzo myembamba, yote upande mmoja.
Mchanga huo. Huyu alikula karibu na ardhi.

Mlekwa akapiga paja. "Ndivyo wanavyosema!"
Akamwaga unga wa jasi mezani, akachora kwa kidole:
shingo moja ndefu kupita mninga juu ya mninga,
nyingine fupi, kichwa kimeinamia majani ya chini.
"Miaka milioni mia na hamsini, Nyamizi.
Pwani moja. Matope yaleyale yakawafunika.
Matumbo makubwa kama mabehewa,
na bado hawakumalizana."

Mimi nilikuwa mbali, Isevya, jikoni kwa marehemu mama.
Watoto wanne, mgebuka mmoja
aliyekuja na treni kutoka Kigoma.
Mama hakugawa sawasawa. Aligawa mbalimbali.
Mnofu wa kati kwa Mlekwa, mkia kwa Shija,
kitindamimba mchuzi,
mimi kichwa.
"Nyamizi anapenda kichwa," aliwaambia majirani,
nami nikajifunza kufyonza jicho,
kutafuta ule unyama mdogo wa shavuni,
hata nikawa bingwa,
na hakuna mkono uliovuka kuja upande wangu.
Tukaiita amani.

Sijui kama nilikipenda kichwa
au nilikizoeza kinywa changu kupenda.

Na yule mwenye shingo fupi,
je, hakuwahi kutazama vilele, jua likivichoma, akameza mate?
Jino halisemi alitaka nini.
Tena hata alichokula halisemi chote:
mikwaruzo mipya hufuta ya zamani,
kinachosomeka ni majuma machache ya mwisho,
ya shibe au ya njaa, nani ajuaye.

"Fungua kinywa," nikamwambia Mlekwa.
Alidhani utani.
Magego ya kulia yamelika, yanang'aa,
na hicho si chakula.
Hicho ni usiku. Ni mtu anayesaga meno yake usingizini.
"Tangu lini?"
Akafumba. Akazoa jasi mezani kwa kiganja,
shingo ndefu na fupi pamoja.
"Kambi imefungwa tangu Machi," akasema. "Hela zimekwisha."

Asubuhi nikaenda sokoni, nikanunua mgebuka mmoja.
Sikumuuliza. Nikamwekea kichwa.
Alikigeuza, akakigeuza tena,
hakujua pa kuanzia.

Nami nikala mnofu wa kati.
Laini. Hauna mfupa.
Meno yangu hayakuwa na kazi.