Ndoo Arobaini na Tano

Kila Jumamosi, kabla wageni hawajaamka,
nageuza mkono wa valvu, nawasha pampu,
maji yanapita mchangani kinyumenyume
yakitoka na uchafu wa wiki nzima:
mafuta ya kujipaka, majani ya mwarobaini,
nzi wa ziwani waliofia kwenye taa.
Natazama kile kioo kidogo cha bomba.
Rangi ya chai. Rangi ya uji. Rangi ya maji.
Dakika tatu. Nazima.

Dakika tatu ni ndoo arobaini na tano.
Sikukisia. Nilikinga siku moja,
nikazipanga ndoo hadi jikoni, hadi kwenye ngazi,
mpishi akaniuliza kama tuna msiba.

Na ziwa liko pale chini, limejaa,
linang'aa kati ya mawe ya Isamilo,
ila maji ya kwetu hupitia kwenye mita,
na mita haijui kama tunaishi kando ya ziwa.

Bi Nkwimba mwenye nyumba alipoletewa bili
aliisoma mara mbili, akavua miwani:
"Malale, hapa wanaogelea wageni
au zinaogelea hela zangu?"

Nikashuka mjini, mtaa wa Rufiji.
Kijana wa dukani, Magesa, akanipangia machujio matatu
kama mshenga mwenye haraka.
La mchanga, ndugu wa lile letu:
"Bei ndogo, halisumbui, mchanga miaka mitano, unasahau."
Unasahau vyote ila Jumamosi.
La unga, mweupe, laini kama wa muhogo:
"Linanasa hata usichokiona."
Unga ukiisha? "Unaagizwa Dar."
Na Dar wakikosa? Akacheka.
La tatu la katriji, kitambaa cha marinda
kama sketi ya shule iliyopigwa pasi na mama mkali.
"Hili halimwagi maji. Unalitoa,
unalipiga mpira, unalianika, unarudisha."
Nikauliza swali la mtu anayefua: mara ngapi?
"Chukua kubwa kuliko bwawa lako.
Dogo litakuita kila wiki kama kitinda mimba."

Nikachukua kubwa.
Bi Nkwimba aliilalamikia bei siku nne.
Ya tano nikamsikia akilisifia kwa mgeni.

Sasa naisubiri geji ipande.
Mara moja kwa wiki tano, mara mbili msimu wa nzi,
wanapoinuka ziwani kama moshi wa nyumba inayoungua.
Ndoo tatu za kuoshea. Tatu tu.
Jumamosi nalala hadi jua linigonge.

Ila Jumamosi ya tatu liligongwa geti.
Mama Kabula wa bondeni, ndoo tupu mkononi.
"Mwangaluka, Malale. Mmeufunga?"
Mmefunga nini?
"Mto."

Sikujua. Miaka sita bomba letu la taka
lilitokea nyuma ya jiwe lake.
Akachimba shimo la kina cha goti,
akayatuliza maji siku mbili, tatu,
mpaka jua liyapunguzie ukali wa dawa,
kisha mchicha, matembele, migomba miwili.
Mimi nilidhani namwaga.

Nikamweleza habari ya katriji, marinda, geji.
Alisikiliza kwa adabu
kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.
"Ni zuri," akasema. "Hongereni."
Akageuka na ndoo yake, ikagonga goti,
ikalia kama ndoo inavyolia ikiwa tupu.

Jana nimepima paa la chumba cha pampu.
Mabati sita, mteremko unaelekea kwake.
Nahitaji gata, pipa moja, na vuli isiyochelewa.
Bei sijamwambia Bi Nkwimba.
Nasubiri kwanza bili ya mwezi huu,
nimkabidhi, nimwache aisome mara mbili,
na akivua miwani, niseme.