Usivute

Uzi mwekundu, haufiki shubiri,
umechungulia pembeni mwa mdomo wa Fisunia
na mkono wa Nazibrola umeshatangulia.
Miaka arubaini na miwili mkono huo unavuta nyuzi:
pindo za sare za wachimba manganizi,
shela za mabibi harusi wa Chiatura,
ambao nusu yao walirudi kabla ya Pasaka
kuomba kiuno kiongezwe.
Mkono haujui kazi nyingine. Ukiona uzi, unavuta.

"Usivute," simu inasema.
Ni Daktari Mzia, ng'ambo ya bonde,
sauti yake bado ina usingizi.
"Umeondoa mkono, mama?"
Ameondoa. Ameukalia.

Usimpe mafuta ateleze.
Usimpe maji ya chumvi atapike:
kilichoshuka vibaya
hupanda vibaya zaidi.
Maziwa usimpe, hata akikutazama vile.
Ncha ya pili huijui iko wapi.
Pengine imejizungusha chini ya ulimi
na nyingine imeshuka utumboni,
utumbo unajikusanya juu yake
kama kitambaa cha sketi
ukivuta uzi wa marinda.
Ukivuta, mama, unakata.

Marinda Nazibrola anayajua.
Hapo ndipo alipoketi chini sakafuni.

"Uzi ulikuwa na sindano?"
Anahesabu kwenye kimto: kumi na moja.
Na jana?
Nani huhesabu sindano jana?

Basi kapu la zabibu, kitambaa cha meza juu yake,
kidonge cha uzi mfukoni waone kilichobaki,
theluji mpaka kifundoni,
na kibanda cha waya cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Badri, mwenye kufunga mlango, anachungulia kapuni:
"Usihofu. Paka ana roho saba."
"Hakumeza roho, Badri. Kameza sindano."

Katikati ya bonde upepo ukawasimamisha.
Chini yao Mto Kvirila, mweusi kwa manganizi.
Juu yao waya.
Kibanda kikayumba, kikatulia, kikayumba.
Fisunia alikuwa akimeza, akimeza,
hana kitu kinywani.
Simu ilikuwa mkononi, jina la Gocha limeshafunguka,
na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe ahamie Poznan
Nazibrola hakumpigia kumuuliza
unarudi lini.
Aliishika tu, ikampasha kiganja.

Kwenye picha ya eksirei sindano ilikuwa nyeupe,
imelala kando ya mbavu, imetulia
kama iliyochomekwa pale na fundi
anayetarajia kurudi baada ya chai.

Saa mbili na dakika kumi.
Bomba la joto lilikuwa likigonga ukutani.
Mzia akatoka na kichupa:
ndani sindano namba saba,
uzi sentimita hamsini na nane,
rangi yake imechuja ikawa ya waridi.
"Ungevuta," akasema, wala hakumaliza.

Fisunia kalala na koni shingoni,
taa ya mezani isiyo na balbu.
Siku tatu za uji wa kuku. Kimto ndani ya kopo,
kopo lenye kifuniko, kifuniko kinachofunga.
Nazibrola anaitikia kila neno, ndiyo, ndiyo,
lakini macho yako kwenye koti la daktari,
penye ukingo wa mkono wa kushoto,
ambapo uzi mweupe umening'inia.

Mkono umenyanyuka.
Umefika nusu ya njia.

"Una mkasi?" akauliza.