Konyeza wa Mto Choptank

Mwezi wa saba mto huu hauogeleki.
Gatini wamepigilia ubao: mwavuli wenye nyuzi,
mstari mwekundu umekatiza juu yake.
Nabintu, miaka tisa, aliusoma, kisha akaruka.

Alitoka na mijeledi pajani,
myekundu, imejipanga kama mwandiko wa mtu mwenye haraka.
Hakulia. Aliuliza tu: Baba, anaitwaje?

Sikujua. Kwetu Uvira ziwa lina wa kwake,
wadogo kama sarafu, huelea juu usiku.
Tuliwateka kwa viganja tukawarudisha,
na hakuna aliyewahi kudai siki.

Nikampigia Mwanakheri wa Pemba,
tunayesimama naye mkanda mmoja zamu ya usiku,
yeye mapaja, mimi mabawa.
"Yavuyavu huyo," akasema. "Wengine humwita konyeza.
Mmwagie siki."
Konyeza! Hana kope, hana jicho la kufumba,
anamkonyeza nani?

Jirani, Loretta Dize, dereva wa basi la shule,
akaja mbio na bakuli la magadi yaliyokorogwa:
"Siki ni ya huko kwenu. Wa huku ukimpa siki anazidi."
Akampaka mtoto, akipaka anazungumza.
Babu zake walivua chaza mpaka mashua zikaning'inia ukingoni mwa maji.
Chaza walikuwa chujio la mto huu.
"Tuliuza chujio," akasema, "tukabaki na chai."

Mwezi wa tatu huwa na mvua hapa Cambridge.
Siisikii, nakuwa kiwandani,
lakini mashamba ya mahindi yanaisikia,
na samadi iliyomwagwa juu yake, ya kuku,
inaisikia, inanyanyuka, inashika njia ya mtaro.
Kila kuku anayepita mbele ya kisu changu
ameacha kitu nyuma yake.
Nimekata mangapi? Mabawa elfu nane kwa zamu, miaka minne.
Sijawahi kufanya hesabu hiyo. Naifanya sasa, bafuni, taa imezimwa.

Mwani unakula. Mto unakuwa uji wa kijani.
Mwani unashiba, unakufa, unazama, unaoza,
na kuoza nako kunavuta pumzi:
kule chini hewa inakwisha kama chumbani penye jiko la mkaa.
Samaki wanahama. Kaa wanapanda nguzo.
Konyeza hahami. Pumzi kidogo inamtosha,
joto linampendeza, na waliokuwa wakigombea naye chakula
wameondoka, meza iko wazi.

Watalii nao wanajenga magati,
kila nyumba lake, na chini ya kila gati
kuna dari safi ya kutundika watoto wake.

Januari haikuleta barafu. Loretta akanipa kwanguo na tochi,
nikalala kifudifudi juu ya mbao,
kichwa chini, damu usoni, Nabintu kanishika miguu.
Niliwaona: vidoti vyeupe
vidogo kuliko chembe ya mchele, vimelala,
vinangoja maji yapate moto.
Nikakwangua nguzo moja. Nikakwangua ya pili.
Sina hakika nilikwangua wao au kome.
"Zimebaki ngapi?" Nabintu akatupa macho mpaka darajani,
akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika sitini akanyamaza.

Simu ikaita mfukoni. Msimamizi:
Jumapili ya fainali inakaribia,
nchi nzima itakaa mbele ya televisheni na kula mabawa,
je, naweza kuongeza zamu, malipo ni moja na nusu?

Kwanguo mkononi, maji yakinidondoka kwenye kiwiko,
nikasema ndiyo.

Nabintu aliniachia miguu.
Nilimgeukia, nikamkonyeza, kama tufanyavyo siku zote.

Alinitazama tu, kwa macho yote mawili.