Tanbihi ya Nne

Ripoti ya mwaka huu ina kurasa mia moja na kumi na mbili.
Nimeiandika tangu Februari, theluji ikipapasa dirisha
la ghorofa ya saba, hapa Akita.
Kwenye jalada: shamba la mpunga, mtoto anacheka, kinu cha upepo.
Mtoto tumemkodi.
Kinu ni chetu kweli.

Ukurasa wa tisa, hewa ya ukaa: imeshuka.
Tuliuza mtambo mmoja wa makaa ya mawe;
moshi haukukoma, ulibadili jina la baba tu.
Ukurasa wa thelathini, bodi: wajumbe kumi na mmoja,
wanne huru, wawili wanawake,
mmoja husinzia kila baada ya chakula cha mchana,
ila hilo halina safu kwenye jedwali.

Kisha sitini na moja. Usalama kazini.
Vifo:
na kisanduku cheupe, kinangoja.

Usiku wa Januari kumi na saba, nguzo ya mia mbili na nne,
Togashi Eikichi alipanda kubandua barafu kwenye waya
ili vijiji vitatu vipate kuchemsha maji.
Vilipata.
Taa ziliwaka saa kumi na dakika sita, alfajiri.
Yeye alikuwa chini, kofia yake ngumu kando,
inajaa theluji taratibu
kama bakuli linalopakuliwa na mtu asiye na haraka.

Bwana Nagahama wa idara ya sheria alivuta kiti.
"Bibi Natsui, Togashi hakuwa wetu.
Alikuwa wa mkandarasi wa mkandarasi.
Jedwali linasema: wafanyakazi wa kampuni.
Andika sifuri. Sifuri si uongo."

Na kweli, si uongo.
Ni yai viza: ganda zima, jeupe, halina ufa.

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.
Haya. Na mficha kifo,
yeye ataumbuliwa na nini?

Nikaandika sifuri.
Juu ya bega lake nikapachika nne ndogo, kama kupe,
na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kusumbua macho:
*4. Bila kuhesabu wafanyakazi wa wakandarasi (mtu 1).*
Hakuna aliyeniagiza. Hakuna aliyefuta.
Wakaguzi wa nje walipita na mihuri yao,
wakasifu uwazi wetu,
tukachapa nakala elfu tatu.

Juni, mkutano wa wanahisa.
Maswali mawili kuhusu gawio, moja kuhusu bei ya gesi.
Halafu akasimama bibi mmoja safu ya nyuma,
Togashi Fumi, miaka sabini na tisa, hisa mia moja
alizorithi kwa mume aliyesoma mita zetu miaka thelathini.
Alikuwa na kioo cha kukuzia. Hakuwa na hasira,
au aliiacha nyumbani pamoja na viatu vya theluji.

"Ukurasa wa sitini na moja," alisema.
"Huyu mtu mmoja mliyemweka kwenye mabano.
Naomba mumtoe.
Mwanangu alikuwa mrefu. Hapo hatoshi."

Mwenyekiti aliinama. Vichwa kumi na kimoja vikainama,
hata cha yule wa kusinzia.
"Tutayazingatia maoni yako."
Kipaza sauti kikapokelewa na mtu mwingine,
naye akauliza habari za gawio.

Nilimwona tena mlangoni, anakunja ripoti
aiingize kwenye mfuko wa vitunguu.
Nilitaka kumwambia kwamba ile nne ni yangu.
Kwamba nilijitahidi.
Lakini ningekuwa najitetea kwa herufi ndogo
mara ya pili.

Jioni hii nimefungua faili la mwaka ujao.
Jalada bado halina picha.
Nimeanzia ukurasa wa sitini na moja,
nikaongeza safu, nikaiita *Waliofia kwenye nyaya zetu*,
nikafuta mabano yote mawili.

Bwana Nagahama hajaiona bado.
Taa ya chumba chake ingali inawaka.