Tochi ya Simu

Kivulini mwa mabati, hapa Maweni, Malindi,
Probox ya Bi Salme ni nyeusi tititi;
nazihesabu ndevu zangu mlangoni.
Chini ya taa ndefu ya ukutani, safi.
Nimeshataja bei.

Bi Salme hatii neno. Anawasha tochi ya simu,
anailaza karibu na boneti —
kumbe! Utando wa buibui,
viduara ndani ya viduara,
vyembamba kuliko unywele.

"Ni Kenga huyu," nasema.
"Kitambaa alikiangusha mchangani, akaendelea kusugua."

Kenga, miaka kumi na mitano, hajibu.
Anaiomba simu, anapanda ndoo,
anamulika katikati ya paa,
mahali mkono wake haujapata kufika.

Viduara vilevile.

Nashusha bei,
pamoja na macho.